Siku Tulisoma Maini Yako

Papa Dokta,

Mama ni muzima. Naanza na ile, juu najua njo ungeuliza mbele ya yote. Leo asubuhi amepika sombe, majani ya muhogo, na jirani wetu akatuma mutoto na sahani kuomba. Unasikia? Sahani, ya chakula ya mama yangu!

Unakumbuka vile ulifika hapa kwetu Baraka? Ulikuya kuzika mama yako kule Ubwari, vita ikafunga njia, hukuweza tena kurudia ile hospitali ya mbali, kwenye mulikuwa munatoa kipande ya ini ya muntu muzima na kuiweka mu mugonjwa. Basi ukasimama ku kanisa mbele ya bamama, ukasema: "Nimekuya kusoma maini yenu." Yoo! Bamama bakabeba batoto, bakakimbia. Kwetu anayesoma maini ni mufumu, na anaisoma ya kuku, akiisha kuichinja. Jina ikabakia: Dokta Maini. Ulicheka mpaka machozi. Kisha ukanichukua mi, Furaha, munganga mudogo tu wa santé, kituo yetu ya afya, nikuwe naeleza batu maneno yako.

Ulituonyesha mu mikroskopi mayai ya mududu moja wa mu ziwa. Ukasema anaingia mu ngozi wakati muntu anaoga, anaharibu ini pole pole, mwisho muntu anatapika damu. Batu bakakatala. Kwao, mwenye kutapika damu amelishwa karuho, sumu ya bulozi, na karuho inatafutiwa mupishi.

Na mupishi wako alikuwa mama yangu.

Siku wewe, mwenye ulikulia mu maji ya Ubwari, ulitapika damu, bijana bakakuya na mapanga ku mulango yetu. Bakamuita mama mulozi. Ile neno ilinikata maini, Papa, kweli ilinikata. Ilikuwa wakati ya vita, hakuna muntu angeuliza juu ya maiti ya mwanamuke moja. Wewe, hata kusimama ulishindwa, ukasema: "Munibebe, munitoe inje." Ukaketi mbele ya mapanga yote. "Mama Furaha, unilishe." Mama akakata tonge ya bukari, akatia mu kinywa yako. Ukameza. Ukanung'unika: "Chumvi kidogo, kama kawaida." Bijana bakashusha mapanga. Na kila muchana uliomba vile vile, inje, mbele ya macho ya wote, mpaka ulishindwa kumeza.

Mi nilikuambia uchukue kipande ya ini yangu. Sikuwa natania. Ukanishika mukono: "Binti yangu, na nani atakata? Hapa, mwenye kujua ile kazi ni moja tu, na ndiye mugonjwa."

Kisha ukaacha neno ya mwisho: "Nikikufa, munifungue tumbo. Bazee basimame karibu. Na Furaha asishike kisu, basiseme mutoto amefichia mama yake."

Tulifanya vile. Mukubwa wa santé alikata, mi nilishika beseni tu, nikilia. Mu ini yako mulikuwa mistari myeupe, migumu, imepita kila pahali sawa mizizi ya muhogo. Ule muzee mwenye alikuwa anapiga kelele kupita bote kuita mama mulozi akainama. Akaweka kidole.

"Hii ni ziwa," akasema.

Akatoka, akaenda moja kwa moja kwetu, akaketi ku mukeka, akamuomba mama chakula. Mama alilia siku ile, Papa. Mi pia.

Aksanti. Aksanti sana. Ulikuwa unaota siku moja ufanye ile kazi yako hapa kwetu, ini ya moja iokoe mwingine. Ulifanya. Mama iko jikoni, namusikia anaimba.

Nakuahidi: bunduki zikinyamaza, nitapanda mutumbwi na mikroskopi yako, niende Ubwari kwenu, kijiji kwa kijiji. Lakini sitasema nimekuya kusoma maini. Nitasema ulinituma.

Lala muzuri, Papa. Mama anakusalimia. Anasema leo ameongeza chumvi.

Furaha