Kabla Hujaagiza Nyumba

Nafula, mjukuu wa kukhu, nyanya yako,

Hapa Kitengela tuko salama. Goti la babu yako limepata nafuu, na mbuzi wawili wamezaa. Picha zako kutoka Mombasa nimeziona: baiskeli ya kupandia milima, na ile nyumba ya vipande inayoletwa na lori na kuunganishwa kwa wiki mbili. Unauliza kama uziagize zote Ijumaa hii.

Nilipoanza kufundisha huku Kajiado nilinunua baiskeli wakati wa kiangazi. Niliichagua kwa macho, tairi nyembamba na madigadi ya kung'aa. Mvua ya kwanza iliponyesha, huu udongo wetu mweusi ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nikaibeba begani hadi shuleni. Njiani mama mmoja Mmaasai aliyekuwa akichunga mbuzi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ulinunua bila kuangalia njia?" Jioni hiyo nilifungua yale madigadi na sikuyarudisha tena.

Baiskeli chukua ya tairi pana. Lakini nyumba usilipie bado. Ile ploti yako ya hapa Kitengela umeiona ikiwa kavu tu, na udongo huu hufura ukilowa, kuta zikapasuka. Mvua ikianza nitavaa gambuti nikasimame pale unapotaka sebule. Babu yako amenikataza, lakini nitaenda. Nikizama, nitakupigia simu kabla sijatoa mguu.

Kukhu wako