Bawabu wa Pembeni

Bellevue, Johannesburg

Mdogo wangu Barasa,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi inayouma mifupa. Mimi na watoto tu wazima. Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu, na kwamba wewe unapata usingizi, maana nasikia watu wa mheshimiwa wamekuja hadi mlangoni kwa sababu ya ile katuni yako gazetini.

Mama alinipigia simu akilia. Anataka mimi, dada yako mkubwa, nikuandikie uende ukamwombe mheshimiwa msamaha na uache kuchora. Nilikuwa nimekubali, hadi juzi kazini.

Unajua nafanya kazi kwenye duka la kutia picha fremu, mtaa wa jirani, Kensington. Akaja mzee mmoja wa Kiingereza na picha ya gazeti la enzi za Malkia Viktoria, zile zilizochongwa kwenye ubao kisha zikapigwa chapa. Waziri mkuu wao amevaa aproni, anafua bendera, na maji ya karai ni matope matupu. Nilicheka kweli. Nikawaza, kama wao waliweza kumchora mkubwa wao hivyo, mheshimiwa wetu ni nani hata asichekwe?

Kisha nikamwona wa pembeni. Mtu mweusi amemshikia waziri sabuni, yuko pekupeku, midomo imechukua nusu ya uso, macho yamemtoka kama aliyekabwa. Nikauliza huyu amekosa nini. Mzee akanieleza kwa upole kwamba kichekesho kinamhusu waziri, huyo amewekwa tu. Halafu akaomba ile kadi ya kuzungushia picha niikate pana upande ule, imfunike, maana siku hizi wageni wake wanaguna.

Barasa, hebu fikiria. Wamemfanya kituko, na sasa ni yeye wa kufichwa! Nikaweka kisu mezani. Mwenye duka, mama wa Kireno ambaye kwa kawaida hunisikiliza, akasema, "Eish, Nafula, ni picha tu. Kata." Nikamwambia akate mwenyewe. Akakata. Tangu hapo ananisalimia kwa kidevu.

Nikiwa bado nafoka, nikaitafuta katuni yako kwenye simu, nione kazi ya mtu anayejua kuchora watu. Mheshimiwa umempata barabara, na tumbo lake, anafyonza maziwa ya watoto wa shule kwa mrija. Lakini getini umemweka bawabu. Pekupeku. Midomo ile ile, macho yale yale. Marehemu Baba alilinda geti la watu miaka yote tuliyosoma, na hakuna siku aliyotoka nyumbani bila kupiga viatu rangi. Umesahau? Nimeumia kuliko nilivyoumia dukani.

Kwa hiyo kwa mheshimiwa usiende, na kalamu usiiweke chini. Mtu wa kumwomba msamaha ni huyo bawabu. Mchore upya, mvishe viatu, mpe uso wa mtu, kisha unitumie. Nitamtia fremu mwenyewe, na kadi sitaweka.

Nisalimie mkeo, na shangazi anayemkanda Mama mguu. Mama mwambie nimekuandikia kuhusu msamaha, kama alivyotaka.

Dada yako anayekupenda hata akiwa na hasira,
Nafula