Sinia la Ghala la Asali

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Ipuli sote wazima, yaani mimi na paka. Unauliza utaijuaje kampuni inayojali watu, maana maadili kila kampuni huyabandika ukutani.

Ujanani nilikuwa nachuja asali kwenye ghala moja Mtendeni. Mwanzilishi alikuwa akila sinia moja na wabeba mizigo wake, na chakula hakikufunuliwa mpaka wa mwisho afike. Alipokufa, mwanawe akarithi ghala, na siku moja akapata wageni wakubwa. Wali ulikuwa tayari, wabeba mizigo bado wanashusha lori. Akawaambia wageni, "Tuwangoje wenzetu." Wali ukapoa, wakangojewa.

Basi huko kazini tazama nani anangojewa. Mimi siku hizi nakula peke yangu, na mkono bado unasita kabla ya tonge la kwanza.

Bibi yako