Nyenje wa Mume Wangu

4 Machi

Mama mpenzi,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, tena wa kunenepa! Kila nikiamka na kumwona mume wangu kando yangu, nataka kupiga vigelegele. Ile kazi tuliyowaficha siku ya harusi sasa naisema kwa fahari: anafuga nyenje wa kula, ndoo kwa ndoo, uani. Ungemwona akivuna! Anawamwagia maji yanayotokota, wanarusha mateke, wanatulia. Anang'oa mabawa, anachomoa miguu, anawakaanga, ananilisha kwa vidole vyake. Siku ya kwanza nililia, nikatapika. Akanibembeleza mpaka nikameza. Sasa nyama siikumbuki!
Mwanao

19 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo ni uleule. Kaka yako mkubwa alinisomea mpaka hapo pa kutapika, akaikunja barua. Nilikunyonyesha ili mwanamume akulishe wadudu? Kaka zako wote wawili wamepanda basi. Funga nguo zako.
Mama yako

26 Machi

Mama,
Shikamoo. Huku si wazima. Walitukuta mezani. "Shemeji, tuonyeshe unachomlisha dada yetu." Mume wangu akacheka, akawasogezea sahani. Kaka mkubwa akamshika kisogo, akamgandamiza uso mpaka sahani ikapasuka. Mdogo akamkalia mgongoni. "Kula, shemeji! Si watamu?" Wakamshindilia nyenje hai wa ndooni mdomoni kwa ngumi. Taya likaalika kama ukuni mkavu.
Nikachukua mchi tunaotwangia unga wa nyenje, nikampiga kaka mkubwa. Goti likapinda kinyume. Nikampiga tena. Mama, sikutaka kuacha.
Mume wangu amefungwa taya kwa waya. Hata hivyo ni mzuri! Namnywesha uji wa unga wa nyenje kwa mrija. Nampenda mpaka naogopa.
Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,
Kaka yako hatatembea tena bila gongo. Polisi walipouliza, nilisema ameteleza. Nawe sema mumeo aliteleza. Damu haishtakiwi. Yaishe, mama, nakuomba.
Mama yako

9 Aprili

Mama mpenzi,
Shikamoo. Nakuandikia kituoni, askari amenigawia karatasi. Nimeeleza yote, yao na yangu ya mchi. Akaniuliza, "Binti, unajua unajifunga mwenyewe?" Nikamjibu, "Najua, afande." Kaka watafuatwa kesho.
Mume wangu hawezi kusema. Amekaa upande wa pili wa nondo tangu asubuhi, amenishika vidole, walinzi wamechoka kumfukuza. Mama, kuna mwanamke aliyeolewa kama mimi?
Mwanao, mke wa mtu