Siagi, Majarini na Heshima ya Britta

Nyumba ya kona, Mtaa wa Pili,
Nordby, Minnesota.
6 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Orrin,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mvua ya huko Kodiak imewaachia japo siku moja muanike soksi. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi, nami nimeliambia ngazi hazitahama kwa ajili yake. Barafu ya ziwani iliyeyuka wiki mbili zilizopita. Jirani yetu, kama kawaida yake, alichelewa kukiondoa kibanda chake cha kuvulia samaki, kikazama nusu. Tulisimama ufukoni tukamcheka mpaka tukachoka, ndipo tukaenda kumsaidia kukivuta.

Umeniandikia kwamba unakula samaki wa kopo. Mwanamume mzima, anaishi mahali dunia nzima inapokwenda kuvua, anakula samaki wa kopo! Ningekuonea huruma, lakini unanijua, huruma yangu ni haba na huwa naiweka akiba.

Sasa niingie kwenye habari. Binti yako Britta atashuka kwenye ndege huko kwako Alhamisi, na mabegi yake yote. Hatasubiri sherehe ya kuhitimu ya Jumamosi. Ukimuuliza sababu hatakwambia, maana anajiona amefungwa na ahadi. Kwa hiyo nakwambia mimi, usije ukadhani ameiba au ana mimba.

Unakumbuka alivyochukuliwa katika Programu ya Heshima, ile ya wanafunzi bora, pale chuoni. Najua unakumbuka, maana uliwatangazia wenzako wote kiwandani mpaka wakakuomba unyamaze. Ukiwasikia wenyewe wakieleza masharti, utadhani ni ya kuingia peponi. Wastani wa alama usishuke chini ya tatu na nusu kati ya nne. Lugha ya kigeni miaka miwili, na sayansi yenye maabara hata kama mtu anasoma historia. Semina ambazo wanakaa duara wakijadili haki ni nini, kana kwamba haki imepotea kwenye kabati. Britta aliyamaliza yote hayo bila kelele. Usiku mwingine nilimkuta amelala juu ya kamusi ya Kijerumani, nikamfunika shali.

Sharti la mwisho ndilo tasnifu. Wenzake waliandika kuhusu falsafa na nyota. Binti yako, baada ya miaka minne ya kusoma, akaamua kuandika kuhusu sisi wanawake wa jiko la chini ya kanisa, tunaopika chakula cha mazishi. Nilicheka. Nikamwambia kama ni mikate ya nyama ya nguruwe tu anataka, hakuhitaji chuo, angeshuka ngazi na aproni.

Alikuja kunihoji jikoni kwangu mwezi wa Novemba, mimi nikiwa ndiye mkuu wa jiko tangu Mama alipofariki. Kabla ya kuwasha kinasa sauti alinisomea karatasi ya ridhaa, neno kwa neno, kama kamati yao ya maadili inavyotaka. Kwamba naweza kukataa swali lolote. Kwamba naweza kujitoa wakati wowote kabla ya tasnifu kukabidhiwa maktaba, na nikijitoa yote niliyosema yatafutwa.

"Soma haraka," nikamwambia, "kahawa inapoa."

"Siruhusiwi kusoma haraka, Shangazi. Lazima uelewe."

Nikatia saini nikaanza kuzungumza. Nilifikiri kazi ya shule ni kazi ya shule, mwalimu anatia alama na karatasi inalala kwenye droo. Basi nikamweleza jinsi tunavyofanya, jambo ambalo hakuna mtu mjini hapa amewahi kulitamka. Mtu akifa, mchungaji anashuka kutuambia jina. Wanawake wote wananitazama. Nikisema "siagi", marehemu anapata siagi halisi ya maziwa, nyama nene, saladi ya viazi na keki za aina tatu. Nisiposema kitu, Arlys Kjelstad anakwenda kwenye friji na kutoa majarini, na nyama inakatwa nyembamba hata unaweza kusoma gazeti lililo nyuma yake. Waliofanya kazi katika jiko lile maisha yao yote wanapata siagi. Waliokuja Krismasi tu wanapata majarini. Mama alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na mama yake. Mimi sioni ubaya wowote, ni utaratibu.

Britta akaniuliza, "Na mama yangu?"

Wewe utakasirika, lakini kasirika ukiwa umekaa, mgongo wako huo. Jina la wifi Roxanne liliposomwa, sikusema kitu. Alikaa miaka tisa Nordby na hakuosha kikombe hata kimoja. Kahawa yetu aliiita maji ya kuoshea sufuria, na alisema kwa sauti mchungaji akiwa pale. Ulitaka nimpe siagi kwa lipi, kwa kucheka vizuri? Wewe mwenyewe siku ile ulikula mikate minne ukanishika mkono ukasema chakula kilikuwa kitamu. Hukujua ulichokuwa unatafuna.

Nilimwambia mtoto hivyohivyo. Hakulia. Alitazama kama kinasa sauti bado kinafanya kazi, akaniuliza swali lililofuata. Siku ile nilimwogopa kidogo.

Mwezi wa Machi ndipo nilipofunguliwa macho, na aliyenifungua ni Arlys, tukinywa kahawa baada ya ibada. "Verna, tumeona tangazo la Britta ukutani pale posta," akasema. "Sote tutakuja kukusikia ukisomwa." Nikauliza tangazo gani. Kumbe masharti yao hayaishii kwenye kuandika. Lazima tasnifu itetewe hadharani, mlango wazi, aingie yeyote. Lazima isomwe na wasomaji wawili, mmoja kutoka idara nyingine. Kisha inawekwa maktaba milele, mtu yeyote mwenye macho anaweza kuiomba. Wanawake ishirini wangekaa hapo na kusikia mume wa nani alipata siagi na mama wa nani hakupata.

Wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka chuo kimoja cha Vermont, mbali huko mashariki kwenye misitu. Amepewa nafasi ya kusoma zaidi miaka miwili, kila kitu juu yao, ilimradi ahitimu na heshima. Aliibandika kwenye mlango wa friji kwa ile sumaku ya kuku. Kila nikitaka maziwa naiona. Vermont! Kana kwamba sisi hapa hatuna miti.

Jumatatu nilimsubiri arudi kutoka chuoni.

"Britta, ile karatasi uliyonisomea. Najitoa."

"Shangazi, acha utani."

"Nani anatania? Futa yote niliyosema."

"Zimebaki wiki tatu! Sura nzima ya tatu ni wewe. Bila wewe sina hoja, nina mapishi tu."

"Basi peleka mapishi. Wazungumzie haki juu ya mapishi."

"Nitabadilisha jina. Nitakuita Bibi Fulani."

"Nordby ina mkuu wa jiko mmoja. Hata ukiniita Malkia wa Norwei watanijua kabla hujafunga ukurasa."

"Kwa nini lakini? Nimekukosea nini?"

"Umesoma mwenyewe kwamba sihitaji kutoa sababu. Au ulinisomea uongo?"

Kisha akafungua kompyuta yake pale mezani, akafuta sauti yangu mbele ya macho yangu, akanigeuzia kioo nione pamebaki patupu. Sikumwomba anionyeshe. Alisema ni sharti.

Mwalimu wake, Profesa Weatherby, alinipigia simu. Sauti laini, mtu wa kubembeleza. Aliniambia msichana huyu ndiye bora kati ya wote aliowafundisha kwa miaka mingi. Nikamjibu kwamba masharti waliandika wao, mimi nilitia saini tu, na nikamtakia siku njema.

Siku ya utetezi theluji ilianguka tena, katikati ya Aprili. Wanawake wa jiko walikuja wote, mikoba magotini, wakajaza chumba cha maktaba. Mimi nilikaa mstari wa mbele. Utaniuliza nilikwenda kufanya nini. Nilikwenda kuhakikisha.

Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alizungumza juu ya sufuria, zamu, na jinsi mama anavyomrithisha binti kisu. Kisha msomaji wa pili, mwanamke mwembamba wa idara ya uchumi, akavua miwani. Akasema, "Unadokeza kwamba chakula hiki kinapangwa kwa daraja la marehemu. Sijaona ushahidi. Umejuaje?"

Orrin, mtoto yule alinitazama. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kunigusa. Alihitaji kusema sentensi moja tu.

"Sina chanzo kilichoniruhusu kusema," akajibu.

"Sihitaji jina. Niambie tu unachokijua."

"Siwezi."

"Unaelewa kwamba bila hilo hoja yako imeanguka?"

"Naelewa."

Arlys alikohoa. Angeweza kufungua mdomo yeye, maana friji ile amefungua mara ngapi? Yeyote katika chumba kile angeweza. Wote walitazama mikoba yao. Ndivyo tulivyolelewa, na nilijivuna nao, na nilitamani mmoja wao aseme nisimwone binti yako amesimama vile.

Wasomaji wakatoka nje kujadiliana, wakarudi haraka. Shahada anapewa, heshima hapewi. Yule mwembamba aliandika kwamba ni kazi nzuri yenye shimo katikati. Vermont nao wakaandika kwa masikitiko makubwa, ukurasa mmoja.

Jioni ile nilimpikia mipira ya nyama na mchuzi, chakula anachokipenda tangu utotoni. Alikula akamaliza. Akasema asante. Nilitaka anitukane, Orrin. Nilikuwa nimejiandaa, nina majibu ya kila tusi.

"Ungeweza kunitaja," nikamwambia mwishowe.

"Niliahidi."

"Kuahidi nini? Karatasi ya shule ile!"

"Nilikusomea kwa sauti, Shangazi. Hapohapo ulipokaa."

Nikamwambia basi yaishe, na kwamba nimeshazungumza na mkuu wa shule ya msingi, wanahitaji karani kuanzia Agosti, na chumba chake kipo, nitapaka rangi atakayo. Akaniuliza nilizungumza na mkuu wa shule lini. Nikamwambia mwezi wa Machi. Akaosha sahani yake, akaikausha, akapanda juu. Nilisikia zipu ya begi.

Tangu siku ile analala kwa rafiki yake karibu na chuo. Joho lake liko hapa kwangu, limekunjwa ndani ya nailoni, halina ile kamba ya dhahabu ya heshima ambayo wenzake watavaa shingoni.

Wewe utasema niliona aibu mbele ya wanawake wenzangu. Niliona, ndiyo. Lakini aibu ningeivumilia, nimevumilia mengi, nimekuvumilia wewe. Sikutaka aende. Nyumba hii ina vyumba vinne na mimi ni mmoja. Wewe uliondoka kwa sababu ya huzuni ukaniachia mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye hakutaka kula. Mimi ndiye niliyemfundisha kula tena. Nilifikiri akiikosa Vermont atabaki. Kumbe nilimfungia mlango mmoja, naye akatokea mwingine, tena anakuja kwako, mla samaki wa kopo.

Mpokee vizuri. Mnunulie mboga. Asubuhi usimsemeshe mpaka anywe kahawa, na iwe nzito, amerithi hilo kwa mama yake.

Nisalimie binamu Delmar na mkewe, mwambie bado ana koleo langu la theluji. Arlys anakusalimu; sijui kama anastahili nikufikishie, lakini nimefikisha. Mchungaji naye anakuombea. Mungu akulinde baharini na nchi kavu, akupe usingizi, na akulainishie moyo ukishamaliza kusoma barua hii.

Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya ridhaa. Niliomba nakala mpya kwa Profesa Weatherby, na jana baada ya ibada nikaitia saini, kwa wino, na tarehe. Nimemruhusu Britta ayatumie yote niliyosema, pamoja na lile la mama yake, na jina langu kamili. Siku ya mwisho ya kukabidhi maktaba ilikuwa Ijumaa. Najua. Nilikaa mezani nikaitazama saa mpaka ikapiga kumi na moja, ofisi yao ikafungwa. Lakini mpe hivyohivyo, na umwambie shangazi yake amekubali.

Dada yako anayekupenda kuliko unavyostahili,

Verna