Kompyuta Imekubali, Nami Niko Matangani

Garsen, Alhamisi, Juni 1998

Jua kali, upepo hakuna. Matope ya mafuriko yamekauka na kupasuka hadi mlangoni.

Mama tulimzika Jumamosi. Homa tu, siku chache, basi. Tangu hapo nimekula, nimeoga, nimepokea pole za watu.

Sijalia.

Leo mchana Abdi, mwenye duka lenye simu, alinifuata hadi uani. "Dada, Nairobi wanakutaka. Watapiga tena sasa hivi."

Alikuwa Wanjiru, mwenzangu wa utafiti chuoni, sauti juu. "Imekubali! Hesabu za kompyuta zimelingana na vipimo vya maabara!"

Ndani ya seli zetu mna mitokondria, vijumba vinavyoupa mwili nguvu, na utando wake wa nje una vitundu. Sisi tunaunda kitundu kimoja kwenye kompyuta, tuone kinapitisha nini. Chetu kilikuwa kikijifunga, kinazuia kila kitu. Maabara inasema sivyo: ayoni ndogo, chembe zenye chaji ya umeme, bado hupenya, ila ATP, molekuli inayobeba nguvu, hukwama. Kabla sijaitwa nyumbani nilibadilisha chaji kwenye kuta za kitundu, nikaiacha mashine ikipiga hesabu.

"Vizuri," nikamjibu.

"Vizuri tu? Profesa anataka uwasilishe Jumatatu asubuhi!"

Nilimwambia Baba. Alikuwa kwenye mkeka, kanzu ile ile ya juzi.

"Vile vitundu vyako? Mama yako angeuliza vinatibu nini."

"Bado havitibu kitu, Baba."

"Hata hivyo, nenda. Ulivihangaikia."

Dada Mariamu hakuinua macho kwenye samaki aliokuwa akiwaparua. "Jumapili tunaanua matanga. Wewe utakuwa ndani ya basi?"

Baba akageuza uso ukutani, mabega yakaanza kumtikisika.

Nikarudi dukani, nikapiga simu. "Wasilisha wewe, Wanjiru."

"Lakini hii ni kazi yako."

"Najua."

Nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye mbuzi, nikakuna nazi. Mariamu akanisogezea bakuli.

Jambo nililolitamani kuliko yote limetimia, na mtu niliyempenda kuliko wote hayupo. Yote mawili nayajua kama ninavyojua jina langu. Hakuna hata moja lililonigusa.

Yatanigusa siku moja, labda yote pamoja, mbele za watu. Sijui nitaanza na kicheko au na kilio.