Kaka, Mlima Hukuwahi Kuupanda

Shikamoo kaka Masanja,

Heshima naitanguliza, maana yanayofuata hayana sukari. Nakuandikia hadharani kwa kuwa na wewe ulisema hadharani. Nilikuwa kibandani kwangu Gongoni nimeinamia friji la mteja, redio inaongea, ukaulizwa siri ya mbio zako. Ukasema ni kulala kwenye hema la hewa nyepesi, na kwamba anayebaki huku Tabora, chini, asitegemee kufika popote. Fundi mwenzangu akapunguza sauti bila kuambiwa.

Hema lile lilikuja mtumba, mashine yake haiwaki. Niliifufua mimi, ambaye ufundi sikuusomea popote. Wewe ulidhani kazi yake ni kumbana mtu pumzi, ukaziba matundu ya kutolea hewa kwa nta ya nyuki kutoka Ipole, ukaamka kichwa kinagonga. Nikaibandua nta yote nikakueleza: mashine inapunguza oksijeni, hainyimi mtu hewa. Tabora tuko kwenye mita elfu moja na mia mbili hivi. Ulitaka ulale kama uko elfu mbili na mia sita, damu ijifunze kubeba oksijeni kidogo iliyopo, mchana ukimbie huku huku. Nikapiga hesabu: oksijeni ishuke kutoka ishirini na moja kwa mia hadi kumi na saba na nusu. Nikaitega hapo.

Lakini kipimo cha kidole, kile cha oksijeni ya damu, kila ukiamka kilisoma tisini na sita kwa mia. Kwa hewa ile nilitegemea tisini, au tisini na mbili. Nilikwambia namba hizi hazikubaliani. Ukacheka: "Mdogo wangu, mwili huu si wa kawaida."

Ukashinda mbio za mkoa, ukachukuliwa kambini huko milimani, hujarudi.

Sasa sikia. Mkoa una nafasi moja ya wanawake, mbio za nusu marathoni, na mimi nimeiomba. Kamati ilitaka kumpa dada mmoja aliyekaa milimani, wakanitajia maneno yako ya redioni. Nilibishana nao mpaka wakakubali tushindanishwe Jumapili ijayo, kwa njia ya Kwihara, ile ya misafara ya zamani. Na kaka, niliogopa. Nilirudi nyumbani Ipuli nikalitoa hema stoo, nikalitandaza chumbani.

Mama akasimama mlangoni.

"Hilo tena? Basi na wewe nitakufungulia."

Nikamuuliza kufungua nini.

"Zipu. Kaka yako alikuwa akishapitiwa na usingizi namfungulia, karibu na kuamka nafunga. Sikuzaa mtoto nimlaze kwenye mfuko wa rambo."

Nilikaa kitandani nikacheka mpaka mama akanuna. Hema lile likifunguliwa, oksijeni huchukua zaidi ya saa kushuka tena, na skrini ya mashine ilikuwa inasoma hewa inayotoka kwenye mashine, si uliyokuwa unavuta. Tisini na sita yako ndiyo hiyo. Ulilala Ipuli, kaka, kwa hewa ya Ipuli. Mbio za mkoa ulizishinda kwa mazoezi ya njia ya Kwihara, na mimi pembeni na baiskeli, nakupa maji, nakusomea saa, nakutukana ukilegea.

Sisemi milima haisaidii. Inasaidia, na huko uliko sasa labda inakusaidia kweli. Kinachoniuma ni kwamba ulisimama mbele ya watu ukalitaja hema, ukatusahau sisi, halafu maneno hayo yakarudi kunifungia mlango.

Hema nimelikunja. Kila alfajiri niko barabarani, na muda wangu unashuka. Simu ya kunitakia heri usinipigie. Panda basi uje. Nikishinda, simama mbele ya kamati useme ulilala wapi. Nikishindwa, sema vilevile, ili wote wajue nimeshindwa na miguu ya mwenzangu, si na mahali nilipozaliwa.

Mimi,
mdogo wako, Ipuli.